Shajara ya mradi wa filamu na afya ya akili kwa vijana, Nakivale

Wiki ya 1

Tumeanza na vijana 14, wasichana 8 na wavulana 6, wenye umri wa miaka 15 hadi 21, katika chumba cha mabati tulichoazimwa karibu na Base Camp, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda. Wengi wao walitoka Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini wakiwa wadogo, wawili walitoka Burundi, na watatu wamezaliwa hapa hapa, jambo ambalo haliwashangazi wenyeji, kwa kuwa makazi haya yamekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Lugha ya kazi ni Kiswahili kwa sababu ndiyo pekee inayotufikisha wote 15, ingawa Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura na hiki changu cha Bombo havifanani, na siku ya kwanza ilipita nusu yake tukichekana matamshi.

Vifaa tulivyo navyo ni simu 4, maiki 2 za kubana kwenye kola, stendi 1 ya kamera, kompyuta mpakato 1 na betri ya sola inayotosha kuchaji simu zote mara moja kwa siku ikiwa jua halikujificha. Mshauri wa kisaikolojia kutoka kituo cha afya atakuwa nasi Jumanne na Ijumaa, na siku nyingine atakuwapo mmoja wa wahudumu wa afya wa kijiji. Tumekubaliana kwamba kamera haitawashwa iwapo hakuna hata mmoja wao chumbani.

Naandika pia jambo moja ambalo andiko letu la kuomba fedha lilipita juu juu. Tuliahidi kwamba filamu "zitaponya". Sina ushahidi wa kuahidi hivyo, na ushahidi ninaoujua unanionya. Katika utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda kwa vijana 314 wa kambi za waliohamishwa na vita, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2007, kundi lililopewa michezo ya ubunifu halikuonyesha nafuu ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kuliko waliokuwa wakisubiri zamu yao, wakati tiba ya mazungumzo ya kikundi, iliyoongozwa na watu waliofunzwa kazi hiyo, iliwasaidia wasichana waziwazi. Kwa hiyo kamera haitachukua nafasi ya mshauri. Kazi yake, kama itafanya kazi, ni kumleta kijana karibu na mlango ambao peke yake asingeubisha.

Wiki ya 2

Niliandika ubaoni maneno "afya ya akili", na kabla chaki haijatua mvulana mmoja aliuliza kama tunapelekwa Butabika. Wengine walicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Hospitali ile ya Kampala, iliyofunguliwa mwaka 1955, imekuwa jina la kutaniana kiasi kwamba mtu akikasirika sokoni huambiwa arudi Butabika, na ukisema "akili" hapa, anayesikiliza husikia "wazimu".

Nilifuta ubao, nikawauliza wao husemaje mtu anapokuwa na shida ya ndani. Orodha ilijaa haraka: ana mawazo mengi, kichwa kimejaa, roho inamuuma, moyo ni mzito, amekata tamaa, usingizi umemkimbia, anakaa kama hayupo. Neno "sonona" hakuna aliyelijua, na "msongo wa mawazo" walilijua wawili waliolisikia redioni. Mshauri wetu alifurahi kuliko mimi. Alitueleza kwamba watafiti waliofanya kazi Masaka na Rakai mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianza vivyo hivyo, kwa kuwauliza wanavijiji majina yao wenyewe ya maradhi, wakapewa maneno mawili ya Kiganda, moja lenye maana ya kujichukia na jingine la kujihurumia, ndipo wakajenga juu ya maneno hayo tiba ya kikundi ya wiki 16 katika vijiji 30. Maneno ya vijana tumeyaandika kwenye karatasi ya manila na kuyabandika ukutani. Hakuna anayeruhusiwa kuandika kwenye skripti neno ambalo halipo ukutani bila kwanza kulieleza kwa mwenzake.

Wiki ya 3

Wiki hii nimefanya kosa, na nataka libaki kwenye shajara hii kama lilivyokuwa.

Zoezi la Jumatano lilikuwa langu. Nilimwomba kila kijana akae mbele ya simu kwa dakika 3 na kusimulia siku ngumu kuliko zote alizowahi kuiona. Nilidhani tutajifunza mwanga, sauti na ujasiri kwa mpigo mmoja, na nitakuwa muongo nisipoongeza kwamba nilidhani pia picha zitakuwa nzuri. Mhudumu wa afya alikuwapo, kwa hiyo kanuni yetu haikuvunjwa. Watatu wa kwanza walisimulia mambo mepesi, wakajilinda vizuri kuliko nilivyowalinda mimi. Wa nne, msichana wa miaka 17, alianza na nyumba yao, akafika mlangoni mwa nyumba hiyo, akanyamaza. Sikuzima. Nilingoja, kama wafanyavyo watu wa filamu ambao huambiana kwamba ukimya ni dhahabu, naye akaona taa nyekundu bado inawaka, akaendelea kusema mambo ambayo hakuwa ameamua kuyasema. Alipomaliza aliondoka bila kuaga. Hakuja Alhamisi wala Ijumaa.

Mshauri alinisikiliza, kisha akaniuliza swali moja tu: ile picha ilikuwa ya nani? Baadaye alinikumbusha mambo ambayo nilipaswa kuyajua kabla ya kugusa kamera. Shirika la Afya Duniani halishauri mtu aliyetoka kwenye mkasa asukumwe kusimulia kila kitu katika kikao kimoja, kwani kumbukumbu iliyofunguliwa kwa nguvu haifungiki kwa kumwambia mtu asante. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 umejengwa juu ya vitendo vitatu, kutazama, kusikiliza na kuunganisha, na kusikiliza humo hakumaanishi kuchimbua.

Jumamosi nilikwenda kwao pamoja na mshauri. Mama yake alitukaribisha kwa uji, akatuachia ua. Nilimpa binti simu mkononi, akaifuta klipu yeye mwenyewe, akafungua na pipa la vilivyofutwa akakifuta tena, kwa sababu anazijua simu kuliko mimi. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikukataa kusema. Nilikataa kusema siku hiyo."

Wiki ya 4

Mvua. Mabati yakipigwa na mvua hakuna maiki inayosikia kitu kingine, na barabara ya kutoka Mbarara ilimzuia mshauri siku zote mbili. Hatukurekodi. Tulicheza karata, tukafundishana kubadilisha betri, na yule msichana alirudi Ijumaa akakaa karibu na mlango.

Wiki ya 5

Tumebadilisha mpango mzima. Hakuna tena ushuhuda. Kila kikundi kitatunga kisa cha kubuni, chenye mtu wa kubuni, na atakayetaka kuweka humo jambo lake ataliweka bila kulazimika kutuambia ni lake. Niliogopa kwamba tungepata michezo ya kuigiza ya shuleni, yenye mlevi, mchungaji na mahubiri mwishoni. Badala yake, siku ya kwanza ya kutunga ilitoa mambo ambayo zoezi langu la wiki ya 3 lisingeyafikia kamwe. Mtu akisema "huyu kijana wetu halali usiku kwa sababu anahesabu hatua za wanaopita nje", hakuna anayemwuliza alijuaje.

Ruhusa nayo tumeifumua upya. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 inayolinda taarifa binafsi inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na fomu hizo tunazo, zimetiwa saini au dole gumba. Lakini saini ya wiki ya 1 ilitolewa kabla mtu hajajua atasema nini, kwa hiyo sasa ruhusa inaombwa mara tatu: kabla ya kurekodi, baada ya mhusika kujiona kwenye simu, na baada ya kuona filamu iliyokamilika. Katika hatua yoyote anaweza kukata kipande chake bila kutoa sababu. Hatukubuni jambo jipya. Mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo nchini Kanada, wavuvi waliorekodiwa kuhusu maisha yao walionyeshwa picha kabla ya wengine na kuweza kuzuia zisionekane. Mafunzo mengi ya video shirikishi yanayoendeshwa leo yanaitaja kazi hiyo kama babu yao. Ajabu ni kwamba wengi tuliirithi kamera na kuisahau haki ile.

Suala la nyuso lilichukua siku mbili. Nilipendekeza tuzitie ukungu wakati wa kuhariri. Yule yule msichana wa miaka 17 alikataa akisema uso wenye ukungu kwenye taarifa ya habari ni wa mwizi au wa aliyebakwa, na yeye hataki kuwa mmojawapo machoni pa jirani. Basi tukajifunza njia nyingine. Ukimweka mtu dirishani, jua likiwa nyuma yake, kisha ukaifunga simu ipime mwanga wa nje, anabaki kivuli chenye umbo kamili na hakuna anayeweza kusema amefichwa. Tulijifunza kupiga picha za mikono ikichambua maharage, visigino njiani, mgongo wa anayechota maji, na sauti ikasomwa na mwenzake.

Wiki ya 7

Skripti mbili zimekamilika. Ya kwanza ni ya kijana asiyelala, anayekwenda kuchota maji saa kumi usiku ili asionekane kwamba yuko macho bila kazi. Ya pili inahusu ndugu wawili wa kike baada ya mgawo wa chakula kupunguzwa, mmoja akila kidogo na kusema ameshiba, hadi mdogo wake anapoanza kuiga uongo huo huo. Mshauri hakugusa hata neno moja la hiyo ya pili.

Ya kwanza ilitupa kazi. Katika rasimu ya awali kijana alijiua, na waandishi wake walitetea mwisho huo kwa nguvu, wakisema ndivyo mambo yanavyotokea na kwamba kuficha ni kusema uongo. Sikutaka kuwanyamazisha kwa amri. Tuliwaeleza mambo mawili. Kwanza, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watu wa filamu na jukwaa, likiwashauri wasionyeshe namna ya kujiua wala kuifanya ionekane kuwa suluhisho, kwa sababu wapo watazamaji walio ukingoni ambao huiga. Pili, katika sheria za jinai za Uganda kujaribu kujiua kumehesabiwa kuwa kosa, na hofu ya polisi ni sababu mojawapo ya familia kunyamaza na kumpeleka mgonjwa nyumbani badala ya kituo cha afya. Hilo la pili liliwagusa kuliko la kwanza. Waliandika upya usiku kucha, na sasa kijana anakutwa kisimani na mzee wa jirani ambaye naye hajalala miaka mingi. Hawazungumzi sana. Wanasaidiana kupandisha madumu kwenye baiskeli, kisha mzee anasema kesho yeye anakwenda kwa mshauri, na kwamba njia ni ndefu kwa mtu mmoja.

Jioni hiyo hiyo, mshauri alibaki faragha na mmoja wa waandishi kwa muda wa saa nzima. Sitaandika zaidi ya hapo.

Wiki ya 8

Mvulana aliyeuliza kuhusu Butabika alikuwa hajakubali kuigiza, kuandika wala kushika maiki. Alikuja kila siku, akakaa nyuma, akawa anatia maneno ya kuchekesha juu ya klipu za wenzake kila tulipozitazama. Nilikuwa karibu kumkemea nilipotambua anachofanya: alikuwa vijei.

Msomaji wa Uganda hahitaji maelezo, lakini kwa wengine nitasema kwamba katika vibanda vyetu vya filamu, kuanzia Kampala hadi vituo vya biashara vya mashambani, filamu ya kigeni haitazamwi mikono mitupu. Yupo vijei anayeisimulia juu kwa juu kwa Kiganda au lugha nyingine, anatafsiri, anawapa wahusika majina ya mtaani, anamtania adui, anamwonya shujaa kuhusu aliye nyuma ya mlango. Hata filamu za vita zinazotengenezwa Wakaliga, Kampala, na Isaac Nabwana, ambaye alianzisha studio yake mwaka 2005, zinabeba sauti ya vijei ndani yake kama kiungo cha kawaida.

Basi filamu ya tatu ikazaliwa bila skripti. Wenzake walimpigia picha za matembezi ya dakika 6 kutoka Base Camp kuelekea ziwani, hakuna mtu anayetambulika, kisha akasimama kando ya kompyuta na kuisimulia kama vijei. Alianza kwa vichekesho kuhusu mbuzi na boda boda. Katika dakika ya 4, akiwa bado na sauti ile ile ya utani, alimwita mhusika asiyeonekana "huyu bwana", akasema huyu bwana anatembea upesi kwa sababu anadhani baba yake yuko nyuma na atamfikia, na kwamba ni mwaka wa tano sasa hajageuka kuangalia. Kisha akarudi kwa mbuzi. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyemgeukia. Alipomaliza aliomba arekodi tena, kwa maelezo kwamba pale kwenye mbuzi alichelewa.

Nimejiuliza kwa nini utani ulifika mahali ambapo kamera yangu ya wiki ya 3 ilibomoa. Nadhani ni kwa sababu vijei hakai ndani ya picha. Anasimama kando yake, ana maiki, na anaweza kuondoka kwenda kwa mbuzi wakati wowote apendao.

Wiki ya 9 na ya 10

Kuhariri. Nilikuwa nimetenga siku 3 kwa kazi hii nikiiona kuwa ya fundi, na imekula wiki 2 kwa sababu ndiyo imekuwa kiini cha mradi. Kompyuta ni moja, kwa hiyo wanakaa watano watano, na kila mkato unahojiwa. Msichana wa miaka 17, ambaye ameishika filamu ya ndugu wawili, alihamisha tukio la usiku wa njaa mara nne. Lilipokuwa mwishoni, alisema filamu inamwachia mtazamaji giza. Lilipokuwa mwanzoni, kila tabasamu lililofuata lilionekana la uongo. Hatimaye aliliweka katikati, akaligawa vipande viwili, na kati yake akaingiza shoti ya sekunde 8 ya mkono unaofunika sufuria. Alisema, "Hapa mtu apumue."

Kumbukumbu mbaya humjia mtu bila hodi na kwa mpangilio wake yenyewe. Kwenye kompyuta, jambo lile lile lina mwanzo unaoweza kuvutwa, lina mwisho, lina kitufe cha kulisimamisha, na lina watu watano wanaobishana kama lirefushwe. Mshauri anasema katika tiba nako hutafutwa kitu cha namna hiyo, mtu kuweza kuligusa tukio bila kumezwa nalo, lakini alinionya nisiseme ni kitu kimoja. Simsemei.

Sauti imetusumbua. Upepo wa ziwani uliharibu karibu nusu ya mazungumzo ya kisimani, tukayarekodi upya chini ya blanketi zito.

Wiki ya 11

Onyesho la kwanza lilikuwa la familia tu, ndani ya chumba chetu, projekta ya kuazima, shuka jeupe ukutani. Mwenye kibanda kimoja cha filamu alijitolea kutupa ukumbi wake bure Jumamosi usiku, na afisa wa shirika moja alitaka sana tukubali ili apate picha zenye umati. Vijana walipiga kura, wakakataa. Kwao kibanda ni mahali pa kupiga kelele, na hawakuwa tayari filamu ya njaa ipigiwe kelele.

Baada ya filamu ya kijana asiyelala, mzee mmoja alisimama, akavua kofia. "Mwalimu," alisema, "huyu mtoto halali kweli, au ni maigizo?" Nilimjibu kwamba ni kisa cha kubuni. Alikaa, kisha akasimama tena. "Kwetu kuna mtu huchota maji saa kumi. Sisi tulikuwa tukimsifu kwa bidii." Akina mama waliokuwa mbele waligeuka kumtazama. Mshauri alieleza kwa dakika chache anapatikana wapi na siku zipi, na kwamba kumwona hakulipiwi. Hapakuwa na hotuba nyingine, kwa ombi la vijana wenyewe.

Katika ruhusa ya tatu, vijana 12 walikubali filamu zao zionyeshwe vijiji vingine vya Nakivale. Mmoja aliomba sauti yake ibadilishwe, tukaibadilisha. Mvulana vijei alikataa kabisa.

Wiki ya 12

Hesabu ya kufunga awamu. Vijana 13 kati ya 14 wamefika mwisho, mmoja alihamia Kampala na ndugu zake. Watano walimwona mshauri kwa hiari yao zaidi ya mara moja. Mmoja alipewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya Mbarara na hajaenda, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili haipo nyumbani kwao, na bajeti yetu ilikuwa na fungu la fulana lakini haikuwa na fungu la nauli. Fulana hizo bado zimo kwenye katoni. Nimeandika kuomba fungu hilo lihamishwe, na awamu ijayo nauli ya rufaa itatangulia hata stendi ya kamera.

Dodoso tulilolijaza mwanzoni na mwishoni nimemkabidhi mshauri bila kulifanyia hesabu. Watu 13 wasio na kundi la kulinganishwa nalo, katika miezi ambayo mvua ilikuja na mgawo ulipungua, hawawezi kunipa asilimia ya kuweka kwenye ripoti, na wafadhili watakaoitaka nitawaonyesha ukurasa huu.

Jana tulikaa chini na kadi za kumbukumbu. Picha zote ghafi zimefutwa mbele ya wenyewe, kadi moja baada ya nyingine, kila mmoja akibonyeza yake. Filamu mbili zimehifadhiwa katika nakala 2, moja kwa kikundi na moja kwa kituo cha afya. Ya tatu imo kwenye kadi ndogo ambayo mvulana vijei ameifunga ndani ya kifuniko cha simu yake. Mradi hauna nakala.

Wakati tunafunga mlango alinirudia kuuliza kama awamu ijayo maiki zitakuwa zile zile, kwani moja inakwaruza.